Kitufe Kinachoitika: Madoido ya Sauti katika Vitufe vya Kurasa za Wavuti na Suala la Ukweli wa Mrejesho

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna madoido ya sauti yanavyoambatanishwa na vitufe vya kurasa za wavuti, na yanatetea hoja kwamba mlio wa kitufe ni kauli, hivyo unaweza kuwa kweli au uongo. Hoja hiyo inajengwa kwa kutazama maana ya mlio kwa msikilizaji, muda unaopita kati ya kubofya na kusikia, na mamlaka aliyonayo mtumiaji juu ya kimya cha kifaa chake. Dhana ya ikoni za sauti iliyoasisiwa na William Gaver inalinganishwa na tanakali sauti za Kiswahili, na kanuni zilizowekwa na vivinjari kuanzia mwaka 2017 zinapitiwa kwa ufupi. Inabainishwa kwamba baadhi ya kasoro zinazodhaniwa kuwa za ufundi mtupu, kama vile mlio wa mafanikio unaosikika kabla seva haijajibu, kwa hakika ni kasoro za maana.

Maneno muhimu: kitufe, madoido ya sauti, mrejesho, tanakali sauti, kivinjari

1.0 Utangulizi

Mgeni afikaye mlangoni hupiga hodi na kungoja. Akiitikiwa "karibu", huingia. Akiambiwa asubiri, husubiri. Akikuta kimya, hupiga hodi tena, na pengine mara ya tatu, kwa kuwa kimya hakimwambii iwapo mwenye nyumba hayupo, amelala au hakusikia. Mtumiaji wa ukurasa wa wavuti yumo katika hali iyo hiyo kila anapobofya kitufe. Kitufe cha redio au swichi ya taa humjibu mbonyezaji kwa mwili wake: huzama, hugota, hutoa sauti. Kitufe kilichochorwa kwenye skrini hakina mwili. Kioo cha simu hubaki kilekile, kigumu na laini, kiwe kimeguswa juu ya kitufe au juu ya nafasi tupu. Jibu lolote analolipata mtumiaji, liwe ni rangi kubadilika, mtetemo au mlio, limewekwa pale na mtu aliyeamua kwamba liwepo.

Uamuzi huo ndio mada ya makala haya. Katika mafunzo mengi ya utengenezaji wa tovuti, mlio wa kitufe hutajwa kama pambo: faili fupi la sauti hutafutwa, mistari michache ya msimbo huandikwa, na kitufe huanza kulia. Ni kweli kwamba kazi yenyewe ni ndogo; mwanafunzi anayeanza JavaScript anaweza kuikamilisha kabla ya chakula cha mchana. Hata hivyo, mlio unaofuata tendo la mtu hausikiki kama pambo. Husikika kama jibu la tendo hilo, na jibu huaminiwa. Pale kitufe kinapohusu fedha, maombi ya nafasi ya masomo au miadi ya kumwona daktari, aliyesikia jibu huondoka, ilhali aliyekosa jibu hubofya tena. Wa kwanza anaweza kupoteza kile alichodhani amekituma. Wa pili anaweza kukituma mara mbili.

2.0 Mlio kama Kauli

Utafiti kuhusu sauti katika mawasiliano ya mtu na kompyuta ulipata msamiati wake mkuu katika miaka ya 1980. Mwaka 1986 William Gaver alipendekeza dhana ya ikoni za sauti, yaani milio inayofanana na sauti za matukio ya maisha ya kawaida, ili msikilizaji atumie ujuzi ambao tayari anao. Mwaka 1989 alieleza programu ya SonicFinder, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Apple, ambamo faili lililochaguliwa lilitoa sauti ya kitu kilichogongwa: faili kubwa lilitoa sauti nzito na faili dogo sauti nyembamba. Kunakili faili kulisikika kama maji yanayomiminwa chomboni, sauti ikipanda kadiri kazi ilivyokaribia kumalizika. Yeyote aliyewahi kujaza ndoo bombani huku ameipa kisogo anajua kwamba sikio hutambua ndoo inakaribia kujaa kabla jicho halijageuka. Gaver hakuubuni ujuzi huo, aliuazima.

Mwaka huohuo wa 1989 Meera Blattner, Denise Sumikawa na Robert Greenberg walieleza aina ya pili: vipande vifupi vya noti za muziki visivyofanana na kitu chochote, ambavyo maana yake hujengwa kwa makubaliano na kujifunza. Aina hii ni jamaa ya mbiu ya mgambo. Sauti ya pembe haifanani na hatari wala na mkutano. Watu wa mji hujua kwamba ikilia kuna jambo kwa sababu wamezoeshwa hivyo, na mgeni asiyezoeshwa huisikia kama kelele.

Kwa mwanaisimu wa Kiswahili tofauti hii si ngeni. Kitu huanguka majini chubwi, mchangani tifu, matopeni tapwi. Kitenzi ni kilekile katika tungo zote tatu, nacho peke yake hakisemi lolote kuhusu mahali. Tanakali ndiyo inayobeba habari ya uso ulioupokea mwanguko, kiasi kwamba msikilizaji anaweza kuambiwa "kikaanguka chubwi" na kuyaona maji ambayo hayakutajwa. Gaver alitaka jambo lilelile kutoka kwa kompyuta: sauti ibebe habari ya kitu kilichoguswa na kilichokipata, wala isiishie kutangaza kwamba kuna kitu kimeguswa. Ulinganisho huu haupaswi kuvutwa kupita kiasi. Tanakali ni maneno, yana fonolojia ya lugha yake, na hakuna sababu ya kudhani kwamba rekodi ya jiwe likitumbukia majini itafahamika kwa Mswahili zaidi ya mtu mwingine yeyote. Kinachofaa kuazimwa ni kanuni iliyomo ndani yake: sauti hueleza tukio, na msimulizi anayesema "chubwi" ilhali kitu kimeangukia mchangani amesema uongo.

Kanuni hiyo ikihamishiwa kwenye kitufe cha "Tuma" cha fomu yoyote ya mtandaoni, inafichua tatizo ambalo ufundi peke yake haulioni. Mtumiaji anapokigusa kitufe hicho, matukio matatu hufuatana. Kifaa hutambua mguso. Ombi huondoka na kusafiri hadi kwenye seva. Seva hulitekeleza na kurudisha jibu. Mtandao ukiwa mzuri, yote matatu hupita ndani ya muda ambao mtu hauhesabu. Mtandao ukiwa dhaifu, tukio la tatu huweza kuchelewa kwa sekunde nyingi, au lisitokee kabisa. Mbunifu wa kawaida huambatanisha mlio mmoja tu, na huuambatanisha na tukio la kwanza kwa sababu ndilo linaloshikika kwa urahisi katika msimbo. Mara nyingi pia huchagua mlio wa kupendeza: noti mbili zinazopanda, za aina ambayo masikio yamezoea kuisikia kazi inapokamilika. Matokeo yake ni kwamba kitufe hutangaza tukio la tatu wakati ambapo ni la kwanza tu lililotokea. Faili la sauti halina kasoro, msimbo hauna kosa, na bado mtumiaji amedanganywa.

Utumaji wa fedha kwa simu, ambao umeenea Afrika Mashariki tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, umewazoesha watu tofauti hii kwa vitendo. Muuzaji dukani hatosheki na kumwona mnunuzi akibonyeza simu yake. Husubiri simu yake yeye ilie na ujumbe uingie, ndipo akabidhi bidhaa. Mlio anaouamini ni ule unaotoka upande wa pili wa muamala, baada ya muamala kukamilika. Kubonyeza kwa mnunuzi, hata kungepambwa kwa tarumbeta, si ushahidi wa lolote kwake.

Kitufe kinachotuma kitu, basi, kinahitaji milio isiyopungua miwili, na kwa haki mitatu. Wa kwanza ni wa mguso: mfupi, mkavu, usio na noti inayopanda, mfano wa "ko" ya kidole juu ya ubao. Huo unasema tu kwamba kitufe kimesikia. Wa pili ni wa kukamilika, nao haupaswi kuwekwa mahali pamoja na wa kwanza; mahali pake ni ndani ya tawi la msimbo linalofuata jibu la seva. Hapa pana mtego unaostahili kutajwa. Katika JavaScript, amri ya fetch inayopeleka ombi huhesabu kwamba imefaulu mradi seva imejibu chochote, hata kama jibu lenyewe ni la hitilafu, kwa mfano namba 500 au 404. Mlio wa mafanikio uliowekwa mara tu baada ya amri hiyo, bila kukagua sifa ya jibu iitwayo ok, utasikika kwa furaha ileile wakati seva inaripoti kwamba imeshindwa. Mlio wa tatu, wa kushindwa, ndio unaosahauliwa kuliko yote, ingawa ndio wenye manufaa makubwa zaidi: aliyefaulu atayaona matokeo ya kufaulu kwake mapema au baadaye, lakini aliyeshindwa bila kujua hana cha kumzindua.

3.0 Kutoka Flash hadi Idhini ya Mguso

Historia ya jambo hili inaweza kuelezwa kwa haraka. Katika miaka ya 1990 kivinjari cha Internet Explorer kilikuwa na lebo ya HTML iliyouruhusu ukurasa kupiga muziki wa chinichini mara tu ulipofunguliwa. Kisha Flash ikakipa kitufe sauti. Ndani ya programu hiyo kitufe kilikuwa na fremu nne: ya kitufe kilichotulia, ya kishale cha kipanya kikiwa juu yake, ya kitufe kilichobonyezwa, na ya kuainisha eneo linalopokea mguso. Mbunifu aliweza kuweka sauti katika fremu ya pili au ya tatu bila kuandika msimbo wowote, na urahisi huo ulizaa kurasa ambazo menyu zake zililia kila kishale kilipopita juu yake. Flash iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020. Kabla ya hapo HTML5 ilikuwa imeleta elementi ya audio, na pembeni yake kukaundwa Web Audio, kiolesura kinachokiwezesha kivinjari chenyewe kuzalisha, kuchanganya na kuratibu sauti.

Watumiaji walichoshwa na kurasa zinazojipigia kelele, na hatimaye vivinjari vikawasikiliza. Safari 11 ilianza mwaka 2017 kuzuia sauti inayojianzisha. Chrome 66 ikafuata Aprili 2018, na Firefox 66 Machi 2019. Kilichotokea kwa Chrome kinafundisha. Kanuni yake ilipoigusa Web Audio, michezo na kazi za sanaa za wavuti zilizotengenezwa zamani zilinyamaza ghafla, kwa kuwa ziliandaa mtambo wao wa sauti wakati ukurasa unafunguka na hazikuwa na amri ya kuuamsha baadaye. Nyingine hazikuwa tena na mtu wa kuzirekebisha. Mei 2018 sehemu hiyo ya kanuni iliondolewa kwa muda, ikarejeshwa katika Chrome 71 Desemba mwaka huohuo.

Tangu hapo msingi umekuwa mmoja: ukurasa hauna haki ya kutoa sauti mpaka mtumiaji autendee jambo. Kwa kitufe hili si kikwazo, kwa sababu kubofya kwenyewe ni idhini. Lakini si kila mguso unahesabika. Kupitisha kishale juu ya kitufe si idhini, na ndiyo maana mlio wa kupitisha kishale, urithi wa Flash, hukaa kimya mpaka mtumiaji abofye mahali fulani, kisha huanza kulia bila yeye kuelewa sababu. Vilevile, kwa kipanya, tukio la kubonyeza hukubaliwa kuwa idhini tangu kitufe cha kipanya kinaposhuka. Kwa kidole kwenye skrini, idhini hutambuliwa kidole kinapoinuka. Sababu inaeleweka: kidole kinachotua kinaweza kuwa kinaanza kusogeza ukurasa, bila nia yoyote ya kubonyeza. Mbunifu anayejaribu kazi yake kwa kipanya pekee husikia mlio wake ukiitika mara moja, kisha hupokea malalamiko kwamba kwenye simu mguso wa kwanza hausikiki.

4.0 Muda kati ya Kidole na Sikio

Jibu linalochelewa hupoteza umiliki wake. Mgeni aliyepiga hodi akaitikiwa baada ya dakika tano anaweza kudhani aliyeitikiwa ni mtu mwingine. Kwa kompyuta kipimo ni kidogo zaidi. Jakob Nielsen, akifuata kazi ya Robert Miller ya mwaka 1968, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 0.1 ndiyo takriban mpaka ambao ndani yake mtu huhisi mfumo umejibu papo hapo. Utangazaji una kipimo kingine kilicho karibu na suala hili: pendekezo la ITU-R BT.1359 linaeleza kwamba watazamaji huanza kutambua kutolingana kwa picha na sauti pale sauti inapotangulia kwa takriban milisekunde 45 au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Sauti kuchelewa huvumiliwa zaidi kuliko sauti kutangulia, jambo linalokubaliana na maumbile, kwani mpiga ngoma wa mbali huonekana akiinua mkono kabla mdundo haujafika. Vipimo hivi viwili havikutungwa kwa ajili ya vitufe, lakini vikiwekwa pamoja vinatoa ukomo wa kufanyia kazi: mlio wa mguso usikike ndani ya milisekunde mia moja.

Njia rahisi kuliko zote, yaani kuweka elementi ya audio na kuiamuru icheze kitufe kinapobofywa, huuvuka ukomo huo kwa sababu kadhaa zinazojumlishana. Kama faili halijapakuliwa mapema, mbofyo wa kwanza ndio unaoanzisha upakuaji, hivyo mlio wa kwanza huchelewa kwa muda wote wa safari ya kwenda kwenye seva na kurudi. Faili la MP3 kwa kawaida hubeba kimya kidogo mwanzoni, kinachotokana na namna ya usimbaji wake. Katika wimbo wa dakika nne hakuna anayekihisi, katika mlio wa sehemu ya kumi ya sekunde kinakula nafasi. Tena, elementi moja hucheza sauti moja kwa wakati. Mtumiaji akibofya mara tatu kwa haraka, amri ya pili na ya tatu huikuta sauti bado inacheza na haziongezi kitu, isipokuwa msimbo uwe umeirudisha sauti mwanzo kwanza. Mtu aliyebofya mara tatu husikia jibu moja, naye huamini kwamba mbofyo mmoja ndio uliopokewa.

Web Audio hutatua sehemu kubwa ya hayo. Faili hupakuliwa na kusimbuliwa mara moja, sampuli zake hukaa katika kumbukumbu, na kila mbofyo huunda chanzo kipya cha sauti kinachosoma sampuli zilezile. Vyanzo hivyo hutumika mara moja na kuachwa, jambo linalowashangaza wanaoanza, lakini ndilo linaloruhusu mibofyo mitatu itoe milio mitatu iliyopandiana. Gharama ya kumbukumbu si ya kutisha. Mlio wa sekunde 0.1 wa chaneli moja, wenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa sampuli, ni sampuli 4,410, yaani baiti 8,820 kabla ya kubanwa. Milio kumi ya namna hiyo haifiki kilobaiti 90, kiasi kidogo kuliko picha moja ya wastani ya ukurasa. Hoja ya gharama ya bando, ambayo kwa watumiaji wengi wa simu Afrika Mashariki ni hoja nzito, huelekea zaidi kwa wabunifu wanaopakia maktaba nzima ya JavaScript ili kupiga mlio mmoja.

Hata baiti hizo zinaweza kuepukwa. Web Audio ina kizalishi cha mawimbi kinachoweza kutoa mlio bila faili lolote: huchaguliwa umbo la wimbi na marudio yake kwa sekunde, kisha ukubwa wa sauti hushushwa haraka ili mlio ufe kama kitu kilichogongwa. Kushusha huko ndiko kunakobeba tabia ya mlio. Wimbi likikatwa ghafla likiwa katikati, spika hutoa kidokoo kikali kisichokusudiwa. Likishushwa kwa mstari ulionyooka, mlio hufanana na king'ora kilichozimwa. Likishushwa kwa mpindo wa kipeo, kama vitu halisi vinavyofifia, hufanana na mti au chuma. Mpindo huo hauwezi kuamriwa ufike sifuri kamili, na kivinjari hukataa amri ya namna hiyo kwa kutoa kosa. Hivyo hulengwa thamani ndogo sana, kama 0.001, kisha chanzo husimamishwa.

Yapo macheleweo yasiyo mikononi mwa mbunifu. Vipokea sauti vya Bluetooth huongeza makumi ya milisekunde, mara nyingi mamia, na hakuna msimbo wa ukurasa unaoweza kuyafuta. Kwa sababu hiyo mlio haupaswi kuwa jibu pekee; mabadiliko ya sura ya kitufe, ambayo hayapiti kwenye spika, lazima yatangulie. Kwenye simu kulikuwepo pia ucheleweshaji wa takriban milisekunde 300, uliotokana na kivinjari kusubiri kuona kama mguso wa pili ungefuata kwa ajili ya kukuza ukurasa. Chrome ya Android iliuondoa kuanzia toleo la 32 mwaka 2014, kwa kurasa zinazotangaza kwamba upana wake unafuata upana wa kifaa. Ukurasa usio na tangazo hilo unaweza bado kuubeba, na hapo mbunifu huilaumu sauti kwa kosa lililo katika mstari mmoja wa HTML.

Swali la tukio gani lisikilizwe linabaki. Tukio liitwalo click hutokea mwishoni mwa mguso, si mwanzoni, hivyo lina uzito fulani wa muda. Faida yake ni kwamba humfikia kila mtu: elementi ya button hulitoa kwa kipanya, kwa kidole, kwa kitufe cha Enter, kwa mwambaa wa nafasi, na kwa programu za kusoma skrini. Mbunifu akitega sikio kwenye kushuka kwa kipanya peke yake ili kuokoa milisekunde chache, anayetumia kibodi hatasikia chochote. Katika michezo hasara hiyo yaweza kukubalika. Katika fomu ya maombi haikubaliki.

5.0 Mamlaka juu ya Kimya

Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa maudhui ya wavuti, WCAG 2.0, uliotolewa Desemba 2008, unataka sauti inayojianzisha na kudumu zaidi ya sekunde 3 iwe na njia ya kusitishwa au kupunguzwa. Mlio wa kitufe haujianzishi wala haudumu hivyo, kwa hiyo kwa herufi ya kanuni hauguswi. Kutoguswa huko kusichukuliwe kuwa ruhusa. Mtu anayejaza fomu akiwa wodini, msikitini, kanisani au ndani ya daladala usiku hakupewa nafasi ya kusema kama anataka kusikika. Vivinjari vina namna ya kuufahamisha ukurasa kwamba mtumiaji anapendelea mijongeo michache, lakini kwa upande wa sauti hakuna tangazo kama hilo ambalo ukurasa unaweza kulisoma. Hata swichi ya kimya ya iPhone haikuwa mlinzi kamili: kwa miaka mingi iliinyamazisha Web Audio lakini haikuizuia elementi ya audio, hivyo kurasa mbili zenye mlio uleule ziliweza kutenda kinyume kwenye simu moja.

Kwa mtu asiyeona, suala linabadilika sura. Programu kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye Android humsomea kwa sauti kila anachokigusa, na mara nyingi hutoa milio yake yenyewe. Kitufe kinacholia wakati uleule humkatiza msomaji. Mlio wa milisekunde 80 hupita bila madhara. Mlio wa sekunde moja na nusu wenye mwangwi hufunika neno ambalo lilikuwa ndilo jibu lenyewe, kwa mfano neno "haijatumwa". Kwa asiyesikia, mlio haupo kabisa, na WCAG inakataza maelekezo yanayotegemea sauti pekee. Suluhisho la wote wawili ni moja: ujumbe wa maandishi unaoonekana karibu na kitufe, uliowekewa alama ya hali ili programu ya kusoma skrini iutamke bila mtumiaji kuutafuta. Mlio ukiwepo, uwe kivuli cha ujumbe huo.

Kwa kurasa za kusomwa, za huduma za serikali, za benki na za vyuo, busara inaelekeza milio iwe imezimwa mpaka mtumiaji aiwashe. Kwa michezo na kurasa za kuwafundisha watoto herufi na hesabu, hali ni kinyume. Huko sauti ni sehemu ya somo, na kuizima tangu mwanzo ni kuliondoa. Katika hali zote mbili chaguo la mtumiaji lihifadhiwe kwenye kifaa chake ili asiulizwe kila anaporudi, na kitufe cha kuwasha na kuzima kiwe juu ya ukurasa, mahali kibodi inapofika mapema, kikiwa na maandishi wala si picha ya spika peke yake. Kinapowasha sauti, kitufe hicho kitoe mlio wa mguso uleule utakaotumika kwingine, kwa ukubwa uleule, ili mtumiaji asikie alichokikubali kabla hajaendelea. Kinapozima, kisitoe mlio wowote: herufi zibadilike kutoka "Sauti imewashwa" kuwa "Sauti imezimwa", na basi.